Kitalu Namba Tisa

Mahindi ya shemeji Semkiwa yalipauka
wiki ya tano, masika yakiwa bado na adabu.
Majani machanga yalitoka na michirizi myeupe
kandokando ya uti, kuanzia shingoni,
kama kanga iliyosahauliwa juani.
Wala hakukosa mbolea. Kila msimu fosfeti,
kila msimu kopo juu ya kopo,
mpaka Bwembwera nzima ikamjua kwa mifuko mitupu
aliyoishona ikawa pazia la choo.
Akasimama mpakani, akajitungia:

Mahindi yana milia, kama punda wa porini,
Mbolea nimemwagia, na imeliwa na nani?

Tukacheka. Kisha mimi nikaacha kucheka,
maana shamba langu limepakana na lake
na milia haijui mpaka.

Akaja Bi Hoza wa udongo, kutoka mjini Muheza,
na kamba, na vigingi tisa,
na mizani ndogo kama ya sonara.
Mimi akanipa daftari.
"Zinki," alisema, "ni chumvi ya mchuzi, si unga wa ugali."
Vitalu vitatu, fosfeti tupu.
Vitatu, fosfeti na zinki ndani ya punje moja,
zimekandwa pamoja huko kiwandani.
Vitatu, zinki imechanganywa na mchanga, ikatangulia,
ikatawanywa shamba zima kwa mkono,
ndipo fosfeti ikafuata, shimo kwa shimo.

Niliweka dau langu kwenye punje moja.
Nani hapendi mfuko mmoja, safari moja?
Nikasema hawa wamefunga ndoa dukani,
wataingia mzizini wameshikana mikono.

Wakashikana kweli.
Siku ya arobaini tulifukua punje ya kitalu cha tano.
Ilikuwa bado na umbo lake, ya kijivu, ngumu.
Bi Hoza akaipasua kwa ukucha.
"Unaona? Wamependana kupita kiasi.
Mzizi unapita hapa, unabisha hodi,
zinki iko ndani, imekumbatiwa,
haijatembea hata upana wa kidole."

Wiki hiyohiyo Mwajabu wangu alishikwa na tumbo.
Zahanati wakanipa pakiti za maji ya chumvi
na vidonge kumi vya kuyeyusha kijikoni.
Nikasoma karatasi: zinki.
Nikarudia kusoma,
kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.
"Siku kumi," nesi alisema, "hata tumbo likifunga."
Mwanangu hula ugali akashiba, akasaza.
Sikuwahi kuuliza ugali wenyewe umekula nini.

Nilimuuliza Bi Hoza. Alichelewa kujibu.
Fosfeti ikizidi, alisema,
hata kile kidogo kilichopanda juu
hindi hukifungia kabatini,
na tumbo la mtoto halina ufunguo.
Kisha akainuka. Mvua ilikuwa inakuja
na bado tulikuwa na vitalu vinne vya kupima.

Cha saba kiliiva kijani mpaka kikanitisha.
Cha nane vivyo hivyo.
Cha tisa, ndugu yao, chakula kilekile, mkono uleule,
kikabaki na milia.
Nikataka kuandika "wadudu".
"Andika ulichokiona," Bi Hoza akasema.
Ndipo nikakumbuka: pale, miaka mitatu nyuma,
Semkiwa alirundika mifuko yake, mmoja ukapasuka
usiku wa mvua, na hakuna aliyezoa.
Nikaandika milia. Nikaandika na mfuko.

Majani ya tisa yamo kwenye bahasha ya kaki,
yamekauka, yananuka chai, yanasubiri gari la maabara.
Jana jioni shemeji alisimama mlangoni,
hakuimba.
"Hiyo chumvi yenu," alisema, "mtu anaweka kiasi gani?"
Nikakinga kiganja kumwonyesha.
Kisha nikakikunja kidogo.
Kisha kidogo tena.